Ukinisikia, Si Mimi

Jirani yetu wa ukuta wa pili alikuwa mwongoza ndege. Kazini walimwita Mnara, kwanza kwa sababu ya urefu wake, pili kwa sababu kwa miaka sita hakuna aliyewahi kumkuta mchana mahali pengine zaidi ya kule juu, kwenye chumba cha vioo, akiangalia njia ya kurukia ndege. Mtaani nasi tukalichukua jina hilohilo. Hakukasirika. Alisema afadhali Mnara kuliko Ngazi, jina alilokuwa nalo shuleni.

Siku yenyewe ilianza kama siku nyingine. Alipanda ngazi hamsini na mbili akiwa na chupa ya chai kwapani, akafungua madirisha mawili joto la jana litoke, akafuta vumbi mezani kwa kiganja, akawasha redio. Uwanja ulikuwa mdogo: njia moja ya lami, banda la mabati la mafundi, ofisi ya meneja, na gari moja la zimamoto ambalo siku nyingi lilimwagilia maua. Ndege za hapo zilikuwa zile ndogo za injini moja, za kubeba watu watano sita au maboksi. Upande ambao ndege huelekea zikipaa palikuwa na shamba kubwa lililokwisha kuvunwa, tambarare kama meza. Mji ulikuwa upande wa pili.

Kilichompa Mnara sifa ni sauti. Ilikuwa nzito kidogo, ya polepole, isiyopanda wala kushuka. Marubani walisema mtu akiwa amepotea kwenye mawingu, akiisikia ile sauti tu, anajiona yuko sebuleni kwake. Wengine walikuwa wakimwita redioni bila shida yoyote, wamsikie tu.

Aliyetangulia kuruka asubuhi hiyo alikuwa Kapteni Miwani, mtu mzima wa miaka ishirini na mitano angani, aliyevaa miwani myeusi hata akiwa kivulini. Alikuwa anapeleka maboksi ya dawa.

"Dada Mnara, chai ipo?" aliuliza redioni.

"Ipo. Wewe ndiye unaondoka."

"Nibakizie."

"Utakuta chupa, Kapteni. Njia ni yako. Safari njema."

Ndege ikakimbia, ikanyanyuka. Mnara akashika kalamu aandike saa. Hajamaliza kuandika, injini ikakohoa. Mara moja. Mara mbili. Kisha kimya.

Watu wengi hudhani ndege ikizimika injini huanguka kama jiwe. Haianguki hivyo. Rubani akishusha pua yake, huteleza hewani na kutafuta chini taratibu, na mwenye akili zake anaweza kuiweka kwenye uwanja wowote ulio mbele yake. Jambo moja tu hatakiwi kulifanya akiwa chini vile, ndiyo kwanza ametoka ardhini: kugeuka arudi alikotoka. Akigeuka, mwendo unakwisha, bawa linakosa hewa ya kulibeba, na hapo kweli ndege inaanguka kama jiwe. Rubani hufundishwa hilo kabla hajafundishwa kutua. Kapteni Miwani mwenyewe alikuwa amewafundisha wenzake wasiopungua thelathini.

Na mbele yake palikuwa na lile shamba.

Mnara alisimama. Kipaza sauti kilikuwa mezani. Kidole chake hakikuwa kwenye kitufe. Kazi yake saa kama hiyo ni kuacha njia ya redio wazi, rubani aseme akitaka.

Redio ikaita.

"Nimekusikia," alisema Kapteni Miwani. Hakuwa na wasiwasi. "Unasema iko wazi?"

Mnara akatazama redio.

"Sawa, dada. Nageuka."

Bawa la kushoto likashuka. Ndege ikaonyesha tumbo lake lote, jeupe, ikasimama hewani kama inayowaza. Kisha ikaenda chini.

Mnara alikuwa hajasema neno.

Wachunguzi wa ajali walikuja wawili, wakakaa siku nne. Walikuta maji kwenye mafuta, basi habari ya injini ikaisha. Iliyobaki ni ile ya kugeuka. Mezani kwa meneja wakaweka mashine inayotunza mazungumzo yote ya redio, wakaiwasha mbele ya Mnara. Ikasikika sauti yake: njia ni yako, safari njema. Ikasikika injini kwa nyuma. Halafu sekunde kumi na moja za kimya. Halafu Kapteni Miwani akijibu kimya hicho.

"Alikuwa anamjibu nani?" aliuliza mchunguzi mkubwa.

"Sijui."

"Amesema dada."

"Nimemsikia."

Wakairudisha mara tatu. Mara ya tatu mchunguzi mdogo alisogeza sikio karibu na spika, katikati ya zile sekunde za kimya, kisha akajitoa haraka na kusugua sikio. Hakusema kwa nini. Kwenye ripoti waliandika kwamba rubani alipatwa na mshtuko.

Mkuu wa gari la zimamoto, ambaye wote walimwita Koplo ingawa hakuwahi kuwa askari, alimngoja Mnara chini ya ngazi siku wachunguzi walipoondoka. Alikuwa na miaka mingi pale kuliko mtu yeyote. Alimsogelea, akanong'ona huku akitazama kwingine, kama mtu anayeomba moto wa sigara.

"Huyu siye wa kwanza kumjibu mtu asiyekuwepo. Kamwone yule aliyekutangulia."

"Si alistaafu kwa maradhi?"

"Kamwone," alisema Koplo.

Aliyemtangulia mnarani alikuwa mzee mmoja aliyewafundisha kazi nusu ya waongoza ndege wa nchi. Mnara alimkuta nyumbani kwa binti yake, fundi cherehani, kwenye chumba cha uani chenye kitanda, kiti na rundo la madaftari ya shule. Binti alimpokea vizuri, ila mlangoni alimwambia, "Baba haongei, usije ukashangaa. Mwaka wa saba huu. Daktari ameangalia koo, ni zima. Ameamua tu."

Mzee alikuwa amekaa wima, amevaa shati lililopigwa pasi. Alipomwona mgeni alichukua daftari na kalamu, kabla hata ya salamu.

*Wamekujibu?* aliandika.

"Mmoja, mzee."

*Ni sauti yako wanayoisikia. Kitu chenyewe hakina ya kwake. Huazima.*

Cherehani ya binti ilikuwa ikinguruma chumba cha pili. Mnara akajikuta anashusha sauti. "Wewe walikuwa wangapi?"

Mzee akanyoosha vidole vitatu.

"Ukafanyaje?"

*Nilinyamaza.*

"Ikasaidia?"

Mzee aligusisha kalamu kwenye karatasi. Wino ukatengeneza doa. Mwishowe akaandika kwa herufi kubwa, akamgeuzia daftari.

*KWENU NANI ANARUKA?*

 Mzee akaliona jibu usoni mwa Mnara, akafunga daftari. Akanyoosha mkono, akaigusa midomo yake kwa ncha za vidole, kama mtu anayepapasa kidonda.

Kwao aliyeruka ni mdogo wake, mwanamume pekee kati yao wawili, aliyeitwa Kishada tangu utotoni kwa sababu hakuna mti mtaani kwao ambao hakuwahi kuukwamishia kishada. Walikuwa wamezaliwa wawili tu. Baba alifariki Kishada akiwa wa kubebwa mgongoni, na mgongo aliobebwa ulikuwa wa dada yake. Yeye ndiye alimfundisha kufunga viatu. Yeye ndiye alimpeleka chuo cha urubani na begi moja, akalia kwenye basi la kurudi mpaka kondakta akamhamishia kiti cha mbele.

Na sasa Kishada ndiye alikuwa ameandikwa kuchukua safari za Kapteni Miwani.

Mnara alikwenda kwa meneja wa uwanja. Hakueleza yote, nani angeyasikiliza? Alisema anaomba mdogo wake asipangwe uwanja huu. Meneja alimsikiliza huku akibonyeza kalamu, tik, tik, tik. Akasema anaelewa, ajali inamtikisa mtu yeyote, achukue likizo ya wiki mbili. Aliomba uhamisho. Meneja akasema aandike barua. Aliandika. Ile barua mpaka leo haijajibiwa.

Jumapili walikutana nyumbani kwa mama. Mama alikuwa jikoni anapakua chakula, anaimba chinichini. Mnara alimvuta Kishada kwenye kona ya sebule, karibu na kabati la vyombo, akamwambia kila kitu. Alimweleza habari ya Kapteni Miwani, zile sekunde kumi na moja, yule mzee na daftari lake.

Kishada kwanza alicheka. "Dada, unataka kuzeeka kabla ya mama."

Dada yake hakucheka.

"Usiende," alinong'ona. "Umwa. Vunja mguu. Nakuomba."

"Nisipoenda mimi ataenda mwingine, na huyo mwingine hajaambiwa. Mimi angalau nimeambiwa." Alimshika mkono. Alikuwa ameacha kucheka. "Haya, niambie nifanyeje. Nitafanya unavyotaka wewe."

Na hapo ndipo Mnara alipoitoa ile fikra aliyokuwa ameipanga siku tatu, akiigeuza huku na huku kama mtu anayetafuta tundu kwenye sufuria, asilione.

"Magurudumu yakishaacha ardhi, mimi sitasema. Hata neno moja. Chochote utakachokisikia kwa sauti yangu baada ya hapo, ujue si mimi. Usikitii, fanya kinyume chake."

"Na wewe ukiwa na jambo la kweli la kuniambia?"

"Sitakuwa nalo. Ukinisikia, si mimi. Rudia."

"Nikikusikia, si wewe."

"Tena."

"Nikikusikia, si wewe, dada."

Mama akatokea na sinia. Akauliza wananong'ona nini kama wezi. Wakasema hakuna kitu, mama. Wakala. Kishada aliongeza mara mbili.

Safari ilikuwa Jumanne. Mnara alikuwa likizo, na mnarani angekuwa mwenzake wa zamu. Hilo lilimpa nafuu kidogo: kile kitu kingeazima sauti ya yule mwenzake, na Kishada asingebabaika kwa sauti ya mtu baki. Saa moja asubuhi simu yake ikaita. Ni meneja.

"Mwenzako ameamka hana sauti," alisema meneja. "Si mafua. Hana kabisa. Anafungua mdomo unatoka upepo. Kuna ndege ya damu ya hospitali, kuna mama yuko mezani anasubiri kufanyiwa upasuaji. Njoo unisaidie hii moja tu."

Mnara alikaa ukingoni mwa kitanda, simu sikioni. Aliwaza kukataa. Kisha akawaza kwamba asipokwenda, meneja atamtoa mtu mwingine mahali, na huyo mwingine hajui lile agano. Anaweza kufungua mdomo wakati wowote. Akiwa yeye mnarani, angalau ahadi italindwa na aliyeitoa.

Akavaa sare.

Mafundi walikuwa wameyachuja mafuta ya ndege mara mbili, maana tangu ile ya Kapteni Miwani hakuna aliyeamini pipa. Kishada alizunguka ndege yake, akagonga bawa kwa kidole, akatikisa usukani wa mkia, akapakia masanduku mawili ya barafu yenye damu. Alipoinua macho mnarani alipunga mkono. Dada yake akapunga.

Alimwomba Koplo apande akae naye. Koplo alisimama mlangoni, kofia mkononi, hakuuliza kwa nini.

Anga lilikuwa safi. Upepo mdogo wa kutoka mbele, mzuri kwa kuruka. Saa ya ukutani ilisema saa nne kamili.

"Niko tayari," alisema Kishada redioni.

"Njia ni yako," alisema Mnara. Akaongeza, "Safari njema, mdogo wangu."

"Hiyo ni wewe," akasema Kishada, na alisikika akitabasamu.

Saa nne na dakika mbili magurudumu yaliacha ardhi. Mnara akaweka kipaza sauti mezani, akakisogeza mbali, akakalia mikono yake yote miwili.

Futi mia moja. Injini inaimba vizuri. Futi mia mbili. Koplo alikuwa ameanza kuvaa kofia yake. Futi mia tatu.

Ikakohoa.

Koplo akavua kofia.

Ikakohoa tena. Ikanyamaza.

Mnara hakusema. Aliuma mdomo wa chini hadi akaonja damu, hakusema. Na kule nje, Kishada alifanya kama alivyofundishwa. Pua ya ndege ikashuka. Mabawa yakatulia sawasawa. Ikawa inateleza kuelekea shambani, imenyooka, kama inayovutwa na kamba. Zimebaki sekunde chache awe chini, mzima. Redio ilikuwa kimya. Hakuna aliyejibiwa. Hakuna aliyeitwa dada.

"Anafika," alinong'ona Koplo. "Anafika, anafika."

Bawa la kushoto likashuka.

Kidogo tu. Kama bega la mtu anayepisha mwenzake mlangoni.

Mnara aliona bawa la Kapteni Miwani. Aliliona vilevile, upande uleule. Akajua kile kitu kimeshaanza kumsemesha, kule ndani ya hedifoni, kwa sauti hii aliyonayo yeye kooni, kinamwambia njia iko wazi, rudi. Mikono ilitoka chini ya mapaja yake. Hakuituma. Ilikwenda yenyewe.

"Usigeuke," alisema kwenye kipaza sauti. "Kishada, nyoosha. Shamba liko mbele yako. Usigeuke, nyoosha."

Alisema kwa ile sauti yake. Ya polepole, isiyopanda wala kushuka. Hakuwa na nyingine.

Redio ikajibu mara moja.

"Nimekusikia," alisema Kishada. Alikuwa mtulivu, mtiifu, kama siku ile kwenye kabati la vyombo. "Najua si wewe."

Na akageuka.

"Ni mimi," alisema Mnara. "Ni mimi. Ni mimi. Ni mimi."

Bado alikuwa anasema Koplo alipomtoa kidole kwenye kitufe. Kulikuwa na moshi kule nje, na gari la zimamoto lilikuwa limekwishaondoka bila mkuu wake.

Kishada alikufa palepale. Walimwambia hivyo kama zawadi, na yeye akashukuru, kwa kuwa hakujua neno jingine la kusema.

Wachunguzi walirudi walewale wawili. Safari hii walikuta bomba dogo la mafuta limepasuka, jambo la kawaida, la bahati mbaya, lisilo na mtu wa kulaumiwa. Mashine ikawekwa mezani. Mnara aliomba wasikilize kila sekunde, tangu magurudumu yalipoacha ardhi, wasikilize hasa pale kabla bawa halijashuka. Alitaka waisikie. Alitaka sana, kwa mara ya kwanza, iwepo.

Walisikiliza kutwa. Mchunguzi mdogo alijilazimisha kusogeza sikio kwenye spika. Hakukuwa na kitu. Hakukuwa hata na ule ukimya wa mara ya kwanza uliomfanya asugue sikio. Kulikuwa na ukimya mtupu, wa kawaida, wa redio isiyosema.

"Siku hii sauti ni zenu wawili tu," alisema mchunguzi mkubwa. Alikuwa mtu mpole. "Dada, kuna mama mmoja wa pale shambani tumezungumza naye. Pengine ni vizuri ulisikie hili kwetu."

Yule mama alikuwa ameinama na wenzake wawili wanaokota masalio ya mavuno, kilipowapitia kivuli. Waliinua vichwa, ndege ilikuwa inawajia wao. Aliwaeleza wachunguzi kwa mkono, akiuchezesha kama bawa. Alisema rubani aliwaona, akasogea pembeni kidogo kuwakwepa. Alikuwa ameshawakwepa. Bawa lilikuwa limeshaanza kurudi sawa, na mbele yake palikuwa wazi kabisa.

"Halafu," alisema yule mama, "ni kama mtu alimwita."

Mnara hakupanda tena zile ngazi. Alihamia kwa mama, kwenye chumba alichokuwa analala Kishada kabla ya kwenda chuo. Watu walikuja, wakakaa, wakaondoka. Viti vya kuazima vikarudishwa. Siku ya tisa baada ya maziko nyumba ilibaki na wao wawili, na mama akaanza kufuta meza ambayo haikuwa chafu. Ilikuwa adhuhuri, jua kali, mlango wazi. Watoto wa jirani walikuwa wanaruka kamba nje.

"Sijakushukuru," alisema mama.

"Kwa lipi, mama?"

"Kwa kunipigia simu asubuhi ile. Watu wote wananiuliza, umewezaje kusimama? Wale waliokuja kuniletea habari walikuwa wamejiandaa kunidaka. Siwaambii, lakini ni wewe. Wewe ulikuwa umeshaniandaa."

Mnara aliweka kikombe chini taratibu sana.

"Nilisema nini?"

"Si ulisema mdogo wako hatafika. Sauti yako ilikuwa imetulia, nikajua umejikaza kwa ajili yangu. Ukasema nikae chini kwanza. Nikakaa. Ukanisimulia mambo yenu ya utotoni, ule mti wa kwa fundi baiskeli alikonasa na kishada chake, na namna alivyoshushwa suruali imechanika. Hata nikacheka, Mungu anisamehe. Mtoto wa watu amekufa, mimi nacheka kwenye simu."

"Mama. Naomba simu yako."

Mama alimpa. Ilikuwa simu ndogo ya vitufe, kioo chake kimepasuka kona. Mnara alitafuta kwenye orodha ya simu zilizoingia. Zilikuwa nyingi, za ndugu, za majirani, za watu wa pole. Alishuka nazo mpaka ile Jumanne.

Namba ilikuwa ya mnarani. Aliijua kwa moyo. Ni simu ya waya iliyokuwa ukutani nyuma ya kiti chake, kando ya mlango, pale aliposimama Koplo. Hakuna aliyeigusa. Iliingia saa tatu na dakika hamsini na moja, wakati Kishada alikuwa bado anagonga bawa kwa kidole. Ilidumu dakika kumi na moja.

Alihesabu. Akahesabu tena kwa vidole kama mtoto wa shule, maana kichwa kilikuwa kinakataa. Ilikatika saa nne na dakika mbili.

Mama alikuwa amesimama, kitambaa mkononi, anamtazama. Uso wake, tangu wamzike mwanawe, ulikuwa umeshikwa na kitu kimoja tu usianguke, na Mnara alikiona kilivyo chembamba.

"Kwani si wewe uliyepiga?" aliuliza mama.

Nje kamba ilikuwa inapiga chini, pa, pa, pa.

"Ni mimi, mama," alisema Mnara.

Mama akashusha pumzi. Akarudi kufuta meza, sasa kwa mikono mepesi zaidi.

"Nilijua. Tungeongea zaidi, ila ulikuwa na haraka mwishoni. Ukasema, niache sasa, mama, ameshaacha ardhi. Dada yake atamsemesha."